Marcus Aurelius au Septimius Severus: Uanze na Familia ya Kaisari Yupi?

Anayetaka kuyajua maisha ya nyumbani ya makaisari wa Roma, pamoja na urithi waliouacha, hukabiliwa na majina mengi kupita kiasi. Augustus alimfukuza binti yake wa pekee, Nero alimuua mama yake, Vespasian aliwaachia madaraka wana wawili waliopokezana, na kila mmoja wao ana wapenzi wake miongoni mwa wasomaji. Makala hii inawaweka kando hao wote na kuwalinganisha wawili tu: Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180, na Septimius Severus, aliyetawala kuanzia mwaka 193 hadi 211. Kwa kuwatazama juu juu, hawa wawili wako mbali kama mbingu na ardhi, kwa kuwa mmoja alikuwa mwanafalsafa na mwingine alikuwa jemadari aliyefika Roma na jeshi nyuma yake. Hata hivyo, katika jambo la familia walifika mahali pamoja: kila mmoja alimrithisha mwanawe wa kumzaa, akiwa na kila sababu ya kujua mwana huyo ni wa namna gani, na kila mwana aliishia kuuawa na watu wa karibu yake.

Zaidi ya hayo, Severus alijiingiza mwenyewe katika ukoo wa Marcus. Mwaka 195, miaka 15 baada ya kifo cha Marcus, alitangaza kwamba yeye ni mwana wa marehemu huyo na ndugu wa Commodus, mwana na mrithi wa Marcus, na mwanawe mkubwa, aliyekuwa akiitwa Bassianus, akapewa jina la Marcus Aurelius Antoninus. Sisi tunamjua zaidi kwa jina lake la utani, Caracalla. Hakuna aliyedanganyika. Mwanahistoria Cassius Dio, ambaye alikuwa seneta zama hizo hizo, anasimulia kwamba seneta mmoja mwenye ulimi mkali alimpongeza Severus kwa kufanikiwa kumpata baba. Ulinganisho huu, basi, aliyeuanzisha ni Severus mwenyewe, na miaka mingi baadaye, kama itakavyoonekana, aliurudia akiwa na uchungu.

Nyumba walizozaliwa

Marcus alizaliwa Roma tarehe 26 Aprili 121 katika nyumba ya kitajiri yenye asili ya Hispania. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, naye akalelewa na babu yake, aliyepata kuwa konsuli, cheo cha juu serikalini, mara tatu, pamoja na mama yake, Domitia Lucilla, mwanamke aliyemiliki viwanda vya matofali karibu na jiji. Kaisari Hadrian alimpenda mtoto huyu tangu utotoni. Mwaka 138, akiwa mgonjwa na asiye na mtoto, Hadrian alimwasili Antoninus, aliyekuja kutawala baada yake, yaani alimfanya mwanawe kisheria, kwa sharti kwamba naye amwasili Marcus pamoja na kijana mwingine, Lucius Verus. Kwa kuwa Antoninus alikuwa mume wa shangazi yake Marcus, kijana huyo aliasiliwa bila kutoka nje ya jamaa zake.

Hapa pana hadithi inayorudiwa mara kwa mara ambayo inafaa kuwekwa sawa mapema, kwa sababu huwapotosha wengi wanaomchagua Marcus. Husemwa kwamba kuanzia Nerva makaisari walikuwa na kanuni ya kumtafuta mtu bora na kumwasili, na kwamba Marcus aliivunja kanuni hiyo kwa udhaifu wa kibaba. Ukweli ni kwamba Nerva, Trajan na Hadrian hawakuwa na wana, na wana wawili wa Antoninus walikuwa wamekwisha kufa kabla baba yao hajaingia madarakani. Waliasili kwa sababu hawakuwa na wa kumrithisha. Marcus ndiye wa kwanza katika mfuatano huo aliyekuwa na mwana hai, na matarajio ya jeshi na ya watu wa kawaida yalielekea upande mmoja tu. Kumwacha mwana wa kaisari akiishi huku mtu mwingine akitawala kungekuwa ni kualika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kumwondoa kungekuwa ni kumuua.

Severus alizaliwa tarehe 11 Aprili 145 huko Leptis Magna, mji wa bandari katika Libya ya leo, wenye asili ya Kifoinike, ambako lugha ya Kipuni ilikuwa bado hai. Historia Augusta, mkusanyiko wa kale wa wasifu wa makaisari ambao unapaswa kusomwa kwa tahadhari kwa sababu unachanganya kumbukumbu na uzushi, inasema kwamba lafudhi ya Kiafrika haikumtoka hadi uzeeni. Inasema pia kwamba dada yake alipokuja Roma akiwa hajui Kilatini sawasawa, kaisari aliona haya, akampa zawadi nyingi na kumtaka arudi kwao. Msomaji wa Afrika huvutwa na Severus kwa sababu ya asili yake, na hiyo ni sababu nzuri, mradi asitarajie kukutana na mtu aliyejiona mwakilishi wa bara. Severus alijiona Mrumi. Leptis aliipenda kama mtu mwenye uwezo anavyoupenda mji wake, na aliijengea uwanja mpya wa mikutano, basilika na bandari iliyopanuliwa, kwa kiwango ambacho hata leo magofu yake humshangaza mtazamaji.

Wake zao

Faustina, mke wa Marcus, alikuwa binti wa Antoninus, yaani mtoto wa shangazi yake Marcus. Walioana mwaka 145 na kuishi pamoja miaka 30 hivi, hadi alipofariki huko Kapadokia, katika Uturuki ya leo, akiwa safarini na mumewe baada ya uasi wa jemadari Avidius Cassius wa mwaka 175. Mumewe alikipandisha hadhi kijiji alikofia, kikaitwa Faustinopolis, na Seneti ikamtangaza marehemu kuwa mungu. Katika daftari lake la Kigiriki, ambalo leo hujulikana kama Tafakari, Marcus anawashukuru miungu kwa kumpa mke mtiifu, mwenye upendo na asiye na makuu.

Waandishi wa baadaye walimchora tofauti kabisa. Historia Augusta inamtuhumu kuwa na uhusiano na wapiganaji wa uwanjani, na inadai kwamba Marcus, aliposhauriwa amwache, alijibu kwamba akimwacha itabidi airudishe na mali aliyokuja nayo, akimaanisha dola lenyewe. Jibu hilo linachekesha, lakini ukichunguza tuhuma hizo utaona zinafanya kazi moja: zinaeleza ni vipi mwanafalsafa alimzaa Commodus, aliyependa kupigana uwanjani mbele ya watu, kwa kudokeza kwamba hakumzaa yeye. Lawama ya baba imebebeshwa mama. Tatizo kwa anayetaka kumsoma Faustina ni kwamba sauti yake haisikiki hata kidogo. Tunamwona kwenye sarafu, kwenye sanamu, na kwenye midomo ya watu wengine.

Kwa upande wa wake, Severus anatoa mengi zaidi. Mke wake wa kwanza, Paccia Marciana, alifariki bila kumwachia mtoto aliyeishi, naye akabaki mgane. Mwaka 187 alimwoa Julia Domna, binti wa kuhani wa mungu wa jua wa Emesa, mji ambao leo ni Homs nchini Syria. Inasemekana alimchagua kwa sababu nyota zake zilitabiri kwamba ataolewa na mfalme, na kwa mtu aliyeamini unajimu kama Severus jambo hilo si la ajabu. Julia alisafiri na mumewe vitani, akawakusanya wanafalsafa na waandishi kumzunguka, na akapewa cheo cha mama wa kambi za jeshi, ambacho Faustina ndiye aliyekuwa wa kwanza kukipata. Chini ya mwanawe Caracalla alikabidhiwa kazi ya kushughulikia barua na maombi yaliyofika kwa kaisari, kwa Kilatini na kwa Kigiriki. Kwa maneno mengine, alikuwa na ofisi. Mtu ambaye kiu yake hasa ni kujua mwanamke aliweza kufanya nini ndani ya familia ya kaisari asipoteze muda mrefu kwa Faustina.

Watoto

Marcus na Faustina walipata angalau watoto 13, miongoni mwao mapacha. Waliofika utu uzima ni mabinti watano na mwana mmoja. Takwimu hiyo husomwa haraka na kupitwa, lakini barua za Marcus kwa mwalimu wake Fronto, zilizogunduliwa upya katika karne ya 19, zinaizuia isipitwe. Katika barua moja Marcus anamwarifu mwalimu kwamba miungu imewapa matumaini kidogo: kuhara kumekoma, vipindi vya homa vimeondoka, ila mtoto amekonda sana na bado anakohoa. Kisha anaongeza kwamba bila shaka Fronto ameelewa kuwa anayezungumziwa ni Faustina mdogo, binti yao, aliyewahangaisha sana. Hakuna falsafa katika barua hiyo. Ni baba anayehesabu dalili, moja baada ya nyingine.

Daftari lake, lililoandikwa baadaye katika miaka ya vita kwenye mpaka wa Danube, linalitazama jambo hilo kwa jicho lingine. Humo anajiambia kwamba mtu mwingine huomba asimpoteze mtoto wake, lakini yeye aombe asiwe na hofu ya kumpoteza. Wapo wanaoyasoma maneno hayo na kuona ubaridi. Mimi naona hayakuandikwa na mtu aliyekuwa na mtoto mmoja mwenye afya njema. Yameandikwa na mtu ambaye baadhi ya watoto wake walikuwa tayari wamelazwa katika kaburi la Hadrian kando ya mto Tiber.

Tarehe 31 Agosti 161, miezi michache baada ya Marcus kushika madaraka, Faustina alijifungua mapacha wa kiume. Sarafu zilipigwa zenye sura ya mama upande mmoja, na upande wa pili watoto wachanga wawili juu ya kiti kilichofunikwa kwa kitambaa, pamoja na maneno yanayotangaza baraka ya zama. Mmoja wa mapacha hao alifariki akiwa na umri wa miaka minne hivi. Mwana mwingine, Annius Verus, aliyezaliwa mwaka uliofuata, alifariki mwaka 169 akiwa na miaka saba, baada ya kupasuliwa uvimbe chini ya sikio. Aliyebaki ni Commodus. Baba yake alimwachia uangalizi wa tabibu Galen alipokwenda vitani, akamtafutia walimu, akamfanya mtawala mwenza mwaka 177 akiwa hajatimiza miaka 16, na alipofariki tarehe 17 Machi 180 alimwachia dola zima. Anayeuliza kwa nini Marcus alimchagua Commodus anauliza swali lisilo sahihi, kwa kuwa uchaguzi ulikwisha kufanywa na magonjwa.

Kwa mabinti, Marcus hakuwa na huruma hiyo inayoonekana kwenye barua. Lucilla aliozwa kwa Lucius Verus, mtawala mwenza wa baba yake, na Verus alipofariki mwaka 169 aliozwa tena, bila ridhaa yake wala ya mama yake, kwa jemadari Claudius Pompeianus, mtu mwaminifu aliyetoka Antiokia, aliyemzidi sana umri na asiye wa nasaba kubwa. Alihesabu jambo hilo kuwa ni kushushwa. Mwaka 182 alihusika katika njama ya kumuua kaka yake Commodus, njama ikafichuka, akapelekwa kisiwa cha Capri na kuuawa huko. Yeye alikuwa amezaliwa zaidi ya miaka kumi kabla ya Commodus, na mtu anaweza kujiuliza dola lingekuwaje kama binti angeweza kurithi.

Nyumba ya Severus ilikuwa na wana wawili tu, na ndiyo maana simulizi yake ni rahisi kuifuata na ngumu kuivumilia. Caracalla alizaliwa tarehe 4 Aprili 188 na Geta tarehe 7 Machi 189, miezi kumi na moja baadaye. Dio na Herodian, mwanahistoria mwingine wa zama hizo, wanakubaliana kwamba vijana hawa walishindana katika kila kitu. Sarafu za baba yao zinasema kinyume: ipo moja ya dhahabu inayomwonyesha Julia Domna katikati, uso kwa mtazamaji, Caracalla upande mmoja na Geta upande wa pili, na maneno yake ni yale yale ya baraka ya zama yaliyokuwa kwenye sarafu ya mapacha wa Faustina. Severus alikuwa amerithi mpaka matangazo ya ukoo aliojibandika.

Mwaka 202 Caracalla alilazimishwa kumwoa Plautilla, binti wa Plautianus, mkuu wa walinzi wa kaisari na jamaa wa Severus kutoka Leptis, ambaye nguvu zake zilikuwa zimekua kiasi cha kumsumbua hata Julia Domna. Dio anasema kijana huyo hakutaka hata kula na mkewe. Mapema mwaka 205 Plautianus aliuawa ndani ya jumba la kaisari kwa hila ya Caracalla, na Plautilla akafukuzwa na hatimaye kuuawa. Severus akaona awatoe wanawe katika anasa za Roma, na mwaka 208 akaenda nao Uingereza pamoja na mama yao, kupigana na watu wa kaskazini ya kisiwa hicho.

Hapo ndipo Dio anaposimulia jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha ulinganisho huu wote. Siku moja baba na mwana walikuwa wamepanda farasi mbele ya jeshi, wakielekea kukutana na maadui kujadili masharti. Caracalla alikuwa nyuma, akausimamisha farasi wake, akachomoa upanga kana kwamba anataka kumchoma baba yake mgongoni. Waliokuwa karibu walipiga kelele, Severus akageuka, akauona upanga, wala hakusema neno. Baada ya kumaliza shughuli alimwita mwanawe hemani, pamoja na mkuu wa walinzi Papinian na mtumishi wake Castor, akaweka upanga katikati na kumwambia kwamba kama anataka kumuua, amuue sasa hivi, au amwamuru Papinian afanye kazi hiyo. Kisha hakumfanya lolote. Dio anaongeza kwamba Severus alikuwa na kawaida ya kumlaumu Marcus Aurelius kwa kutomwondoa Commodus kimyakimya, na mara nyingi alimtishia mwanawe kwamba atamfanyia hivyo, lakini mapenzi ya mtoto yakashinda mapenzi ya nchi.

Severus alifariki Eboracum, ambao leo ni mji wa York, tarehe 4 Februari 211. Maneno yake ya mwisho kwa wanawe, kwa mujibu wa Dio, yalikuwa kwamba wapatane, wawatajirishe askari, na wawapuuze wengine wote. Walitimiza mawili ya mwisho. Waliporudi Roma waligawana jumba la kaisari na kuziba milango ya kupitia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Herodian anasema walifikia hatua ya kutaka kuligawa dola lenyewe, mmoja achukue Ulaya na mwingine Asia, hadi Julia Domna alipowauliza watamgawaje mama yao. Mwezi Desemba mwaka huo huo Caracalla alimwomba mama awaite wote wawili chumbani kwake ili wapatanishwe. Geta alipoingia, askari walimvamia. Akamkimbilia mama yake, akamng'ang'ania, na akauawa mikononi mwake. Julia alijeruhiwa mkono, na Dio anasema hata jeraha hilo hakulijali kwa mshtuko. Baadaye hakuruhusiwa kumlilia mtoto wake, hata faraghani.

Aliyelia pamoja naye alilipa. Cornificia, binti wa Marcus Aurelius, alikuwa bado hai, na Herodian anasema kosa lake lilikuwa kumlilia Geta mbele ya mama yake. Caracalla alimwamuru ajiue, akimwachia, kana kwamba ni heshima, achague namna ya kufa. Dio anaeleza kwamba alimtaja baba yake Marcus, babu yake Antoninus na kaka yake Commodus, akavua mapambo yake, akakata mishipa. Hivyo mtu aliyepewa jina la Marcus Aurelius kwa amri ya serikali alimuua binti wa Marcus Aurelius wa kweli.

Kilichobaki

Urithi wa Marcus umegawanyika vibaya. Kisiasa, Dio anaeleza kwamba baada ya kifo chake historia ya Roma ilishuka kutoka ufalme wa dhahabu kwenda ule wa chuma na kutu, na Commodus, aliyejiita Hercules na kuuawa usiku wa mwisho wa mwaka 192 kwa kunyongwa na mtu aliyekuwa akifanya naye mazoezi ya mieleka, hakuacha kitu cha kukanusha kauli hiyo. Lakini daftari limedumu, na halikuandikwa kwa ajili yetu. Kitabu chake cha kwanza ni orodha ya shukrani kwa babu, kwa baba ambaye hakumjua vizuri, kwa mama, kwa walimu na kwa Antoninus, ambaye anamweleza kwa kirefu kuliko mtu mwingine yeyote. Ukitafuta hati moja ya zama hizo inayoonyesha mwana wa kuasili akimpenda baba aliyemwasili, ni hiyo. Ipo pia sanamu ya shaba ya Marcus juu ya farasi, iliyonusurika kuyeyushwa katika Zama za Kati kwa sababu Wakristo waliidhani ni ya Konstantino, kaisari Mkristo. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Capitolini, na uwanjani nje umewekwa mfano wake.

Urithi wa Severus haumo kitabuni. Aliandika maisha yake mwenyewe, ila maandishi hayo yamepotea. Kinachoonekana ni taasisi na mawe. Aliwaongezea askari mshahara na kuwaruhusu waishi na wake zao. Chini ya ukoo wake walifanya kazi wanasheria wakubwa wa Roma, akiwamo Papinian. Mwaka 212 Caracalla aliwapa uraia wa Kirumi karibu watu huru wote wa dola, uamuzi ambao Dio aliuona kuwa mbinu ya kukusanya kodi, lakini ambao matokeo yake yalimzidi aliyeutoa. Na ukoo wenyewe uliendelea kwa njia ya wanawake: baada ya Caracalla kuuawa na askari wake mwaka 217, na Julia Domna kufariki mwaka huo huo, dada yake Julia Maesa alimpandisha mjukuu wake mmoja mwaka 218 na mwingine mwaka 222, na huyo wa pili, Severus Alexander, alitawala hadi 235.

Hata hivyo, kitu ambacho ningemshauri mtu akitazame kwanza ni maandishi ya juu ya tao la Severus, lililojengwa mwaka 203 kwenye uwanja wa kale wa Roma. Mstari wa nne ulikuwa na jina la Geta. Baada ya mauaji, herufi za shaba ziling'olewa na mahali pake pakajazwa sifa za jumla kwa watawala wawili ambao majina yao yalibaki, lakini matundu ya misumari ya herufi za zamani bado yapo chini ya zile mpya, na wataalamu wameweza kusoma jina lililofutwa. Berlin upo ubao mdogo wa duara uliochorwa kwa rangi, uliotoka Misri, unaowaonyesha Severus mwenye mvi, Julia Domna mwenye hereni za lulu, na watoto wao wawili. Uso wa mmoja umekwanguliwa hadi umebaki mviringo mtupu. Hakuna ukumbusho wa nyumba ya Marcus unaosema mengi hivyo kuhusu familia kwa nafasi ndogo kiasi hicho.

Yupi wa kuanza naye

Uamuzi unategemea unachokitafuta. Kama unataka kuusikia moyo wa mzazi na mume kwa maneno yake mwenyewe, Severus hatakusaidia chochote, na unapaswa kumchukua Marcus, ukianzia kwenye barua kwa Fronto kabla ya kufungua daftari. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na daftari, wakamwona mtu wa mawe. Barua zinakupa kwanza mtu wa nyama na damu, na hapo ndipo nidhamu ya kwenye daftari inapoanza kueleweka kuwa ilimgharimu.

Kama swali lako ni jinsi familia ilivyokuwa chombo cha kutawalia, yaani ndoa, vyeo vya wake, majina ya kukopa, sarafu za watoto na mirathi, mchukue Severus. Kila kitu kilichofanywa kwa staha katika nyumba ya Marcus kilifanywa kwake waziwazi, na kwa hiyo kinasomeka kwa urahisi zaidi. Mwanafunzi wa historia anayetafuta mada ya kuandikia atapata kwake mashahidi wawili walioishi zama zile, Dio na Herodian, wanaopingana mara kwa mara, na hicho ni kitu chema kwa kazi ya darasani. Kwa Marcus, mwanafunzi huyo huyo atajikuta akitegemea Historia Augusta zaidi ya inavyofaa. Angalizo moja ni kwamba sehemu hizo za kazi ya Dio zimetufikia kwa muhtasari wa watu wa baadaye, na kwamba yeye kama seneta hakuwa na sababu ya kumpenda Caracalla.

Mimi ningeanza na Severus, kisha nirudi nyuma kwa Marcus. Nasema hivyo nikijua kwamba Marcus ndiye mtu bora zaidi kati ya wawili hawa. Severus alikuwa ameuona mfano wa Marcus na Commodus, akauzungumzia, akaulaumu, na bado siku ile ya upanga hemani alimwacha mwanawe aondoke. Anayekutana kwanza na tukio hilo hatamhukumu Marcus kwa wepesi atakapofika kwake. Atakayemchagua Severus asiishie mwaka 211, kwa sababu nusu ya habari ya familia hiyo iko mikononi mwa Julia Domna na dada yake, na inakwenda hadi 235. Atakayemchagua Marcus aanzie 138, mwaka alioasiliwa, kwa kuwa miaka 23 aliyoishi katika nyumba ya Antoninus ndiyo iliyomfunza yale aliyojaribu kumfunza Commodus.